Pilau ya Bi Siwatu

Tadeo alikuwa na miezi miwili na siku sita kaburini aliposikika redioni akisifia pilau.

Gaudensia, mke wake, alikuwa ameketi mlangoni anapukuchua mahindi. Redio ilikuwa ya marehemu mwenyewe, ndogo, betri zake zimebanwa kwa ukanda wa mpira, inaning'inia kwenye msumari alioupigilia mwaka ule walipoezeka bati. Ukapigwa muziki kidogo, kisha ikaja sauti ya Bi Siwatu, yule mchekeshaji ambaye nchi nzima inamjua kwa kicheko chake. Akauliza, "Jamani, semeni kweli, mimi najua kupika au sijui?" Hapo ndipo Tadeo alipojibu. Ilikuwa sauti yake ile ile ya wiki ya mwisho, ya kukwaruza, yenye kikohozi katikati.

"Huyu mama anajua kupika. Nimeishi na mke wangu miaka thelathini na minne, hajawahi kunipikia chakula kama hiki."

Watu wa redioni wakaangua kicheko. Bi Siwatu akasema mnasikia wenyewe, hata mgonjwa aliyekataa chakula anakula, haya kimbilieni dukani, pilau iko kwenye friza, unapasha tu.

Gunzi likamponyoka Gaudensia. Tuseme ukweli: kitu cha kwanza alichosikia moyoni kilikuwa furaha, furaha ya kijinga ya mtu aliyesikia sauti ya mumewe. Hasira ilikuja baadaye, polepole, na ilipofika ikakaa. Maana pilau aliyokuwa anaisifia Tadeo haikupikwa na Bi Siwatu. Bi Siwatu hajawahi kufika kijijini kwao Tlawi, na ukimuuliza Tlawi iko wapi hatajua. Pilau ile aliipika Gaudensia, kwa mikono yake, kwenye mafiga yake, nyuma ya nyumba hiyo hiyo.

Na saa ile ya taarifa ya habari, redio za kata nzima huwa wazi. Hakuna aliyekosa kusikia.

Kesho yake asubuhi akaja Natalia, anamvuta mbuzi kwa kamba. Natalia ni jirani, kapanga nyumba ya pili kutoka kwa Gaudensia. Zamani alikuwa akiishi Jorodom, kule Katesh, mpaka tope la Mlima Hanang liliposhuka asubuhi moja ya Desemba likabeba nyumba, mume na kila kitu. Alichobaki nacho ni mama yake, ambaye walimchomoa kwenye tope akiwa hai, lakini tangu siku ile kifua chake hakijapona. Mbuzi walipewa na kanisa. Ndiye maziwa yao na ndiye akiba yao.

"Shikamoo, mama Hermani."

"Marahaba. Mbona na mbuzi asubuhi hii?"

"Namshusha mnadani." Natalia aliangalia chini. "Mama hali. Leo siku ya nne. Nimempikia uji, nimempikia mlenda, nimempa maziwa, anafunga mdomo. Jana amesikia redioni, ameniambia anataka kile chakula cha baba Hermani. Cha Bi Siwatu. Nimeambiwa boksi moja ni elfu kumi na nane. Nimekuja kukuuliza wewe, maana wewe ndiye uliyemlisha mzee. Kinastahili hiyo pesa? Maana nikimuuza huyu, mama, sina kingine."

Mbuzi alikuwa ameanza kutafuna magunzi. Gaudensia alimtazama mbuzi, akatazama redio pale msumarini.

Hebu turudi nyuma kidogo, tulione lilivyoanza.

Tadeo aliugua ini. Hospitali kubwa walimpima, wakamwandikia dawa za maumivu, wakamwambia Gaudensia amrudishe nyumbani akakae na watu wake. Ukiambiwa hivyo hakuna haja ya kutafsiriwa. Nesi mmoja, binti mpole, alimvuta pembeni akamwambia, "Mama, muda mrefu hana. Lakini asipokula hatamaliza hata wiki."

Wiki ilikuwa na maana yake. Mtoto wao wa pekee, Hermani, alikuwa anafanya kazi ya ulinzi Arusha, na bosi wake alikuwa amempa ruhusa kuanzia Jumamosi ya wiki iliyofuata. Si kabla. Tadeo alikuwa na mambo ya kumwambia mwanawe: mpaka wa shamba na Joakimu ndugu yake, ng'ombe aliyekuwa kwa watu Bashay, na hata neno la kumsamehe, maana walikuwa wameachana vibaya. Gaudensia alihesabu kwa vidole siku tisa. Alichokuwa anakitaka duniani kilikuwa hicho tu, Tadeo aifikie Jumamosi.

Na Tadeo akagoma kula. Ugali alisukuma. Uji aligeuzia uso ukutani. Maziwa ya mgando, ambayo maisha yake yote alikunywa kibuyu kizima, alisema yananuka. Gaudensia akachinja jogoo, akachemsha supu. Tadeo akalamba kijiko kimoja akatema. Siku tano zikapita hivyo. Siku ya sita, redio ikiwa kifuani kwake, akasema kwa sauti nyembamba:

"Mama Hermani. Mimi nataka ile pilau ya Bi Siwatu."

Mtu akikaa na mwenzake miaka thelathini na minne, akampikia asubuhi na jioni, mvua na jua, halafu siku ya kufa kwake akaomba chakula cha mwanamke wa redioni, inauma. Wanaosema haiumi hawajawahi kukaa na mume. Lakini Gaudensia hakuwa na muda wa kuumia. Alimpigia Hermani, Hermani akatuma pesa, naye Gaudensia akapanda bodaboda mpaka Mbulu mjini.

Boksi lilikuwa zuri, hilo halina ubishi. Mbele kulikuwa na picha ya Bi Siwatu amevaa aproni, anacheka, jino la dhahabu linang'aa, na mkononi kashika sahani yenye mlima wa pilau na minofu mikubwa. Ndani kulikuwa na trei la foili, na chakula kimeganda kama jiwe la mtoni. Gaudensia alilifunga kwa kanga mbili akalipakata kama mtoto mchanga. Alipofika, Tadeo alikuwa amejiinua mwenyewe kwenye mto. Siku sita hakuwahi kuinuka. Macho yote kwenye boksi.

"Limekuja?"

"Limekuja, baba Hermani. Ngoja nipashe."

Jikoni alilitia trei ndani ya sufuria ya maji ya moto. Lilipoyeyuka akafunua, na kama afanyavyo mpishi yeyote anayempelekea mgonjwa, akaonja kwanza.

Wali ulikuwa umeloa, umekuwa kama uji uliokosewa. Vipande vya nyama vilikuwa vitatu, viwili vyake mafuta. Juu kulikuwa na chumvi. Chini ya chumvi hapakuwa na kitu, ila harufu ya karatasi. Hakikuwa kimeoza. Kilikuwa tu chakula ambacho hakuna mtu aliyekipikia mtu. Gaudensia alisimama na kijiko mkononi, akajua la kutokea kama analiona: Tadeo atatia mdomoni mara moja, atatema, atalala, na hatainuka tena kwa ajili ya kitu chochote.

Sasa, kuna jambo ambalo Tlawi walikuwa hawalijui, na Tadeo alikuwa amelisahau. Gaudensia alikuwa anajua kupika pilau. Katika usichana wake alikaa Katesh miaka mitatu, mfanyakazi wa ndani kwa mama mmoja mfanyabiashara, Mama Mwantumu, na Mama Mwantumu hakuwa mtu wa mchezo jikoni. Alimfundisha kukaanga kitunguu maji bila haraka mpaka kiwe cha rangi ya kahawia, si nyeusi. Kitunguu saumu kutwangwa na tangawizi hapo hapo, si jana. Binzari kukaangwa kavu kwanza ndipo itwangwe. Alipoolewa, mwezi wa kwanza, alimpikia mume wake pilau. Alitumia mchele wote aliopewa na Mama Mwantumu kama zawadi ya harusi. Tadeo aliitazama sahani, akaisukuma kwa kidole.

"Wali una uchafu mweusi. Mimi sili chakula cha Waswahili. Nipikie ugali."

Akapika ugali. Hakurudia pilau tena katika nyumba ile, hata Krismasi, na mambo yakaishia hapo. Au tulidhani yaliishia hapo.

Basi siku ile, pale jikoni, alimwita Joakimu, shemeji yake, aliyekuwa amekuja kumwona mgonjwa, akamwomba amfuatie mchele na nyama gengeni. Vitunguu saumu vya Bashay alikuwa navyo. Mgonjwa alipouliza mbona inachelewa, alimjibu kwamba barafu haijaisha katikati. Pilau ya boksi akammwagia mbwa. Mbwa akala nyama, wali akauacha. Kisha akaosha trei, akalijaza pilau yake, laini, nyama ameichambua vipande vidogo vya kumezeka, akaweka boksi kando ya trei kwenye sinia ili Bi Siwatu aonekane.

Aliifanya kwa huruma au kwa kiburi? Hata yeye hajui mpaka leo. Labda mkono mmoja ulikuwa wa huruma na mwingine wa kiburi, na trei lilibebwa na yote miwili.

Tadeo akala. Akala kijiko cha kwanza akafumba macho. Cha pili, cha tatu, mpaka cha kumi na moja. Machozi yakamtoka, akasema, "Huyu mama. Huyu mama, jamani."

Gaudensia akajifuta mikono kwenye kanga akatoka nje.

Tangu siku hiyo kila mchana ilikuwa hivyo hivyo. Pesa ya boksi aliyokuwa akituma Hermani ilikuwa inaingia kwenye mchele, nyama na dawa za maumivu. Trei likaoshwa kwa majivu mpaka kingo zikapinda. Pembe za boksi zikalegea, akazishona kwa uzi. Tadeo hakugundua, macho yake yalikuwa yamekwisha kuwa ya njano na hayakuwa yakiona mbali zaidi ya lile jino la dhahabu. Alikuwa anakula, akipata nguvu ya kuongea, na alichokuwa anaongea ni Bi Siwatu. Eti mwanamke kama yule mume wake ana bahati. Eti mkono wake una baraka. Siku ya tatu akamshika Gaudensia kifundo cha mkono, mkono ule ule uliokuwa unanuka kitunguu saumu, akamuuliza taratibu bila ubaya wowote:

"Mama Hermani, wewe kwa nini hukuwahi kunipikia hivi?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa na miaka thelathini na minne. Lingetoka, Tadeo angefunga mdomo, na Jumamosi ilikuwa bado siku mbili.

"Sikujua kupika, baba Hermani," akasema. "Kula."

Jumamosi Hermani akafika, akamkuta baba yake hai, ameketi. Wakasemezana mambo ya mpaka, na ya ng'ombe wa Bashay, na yale mengine, mlango umefungwa, na Hermani alipotoka macho yalikuwa mekundu. Mchana Gaudensia akaingiza sinia. Hermani akatoa simu arekodi sauti ya mzee, kumbukumbu. Na mzee, mbele ya simu, huku mke wake amemshikia kijiko, akayasema yale maneno. Mwanangu, umeniokoa. Huyu mama anajua kupika. Miaka thelathini na minne.

Gaudensia hakutikisa kijiko. Alingoja amalize, akamlisha.

Jumanne Tadeo akafa, mchana, tumbo lake lina pilau.

Kwenye mazishi Joakimu ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Mchele alikuwa ameununua yeye mwenyewe, lakini alidhani ni wa wageni. Alisoma kwamba katika siku zake za mwisho marehemu alikataa chakula cha nyumbani, akaishi kwa chakula cha dukani alichonunuliwa na mwanawe mpendwa Hermani, na familia inamshukuru sana Hermani. Wanawake wakamgeukia Gaudensia, mmoja mmoja, wakimtazama mwanamke ambaye mume wake amekufa akila vya dukani. Yeye alikuwa ameshika udongo mkononi akisubiri zamu ya kuutupa.

Wiki moja baadaye alijaribu kumwambia Hermani. Alimweleza yote, mchele, mbwa, boksi lililoshonwa. Hermani alimsikiliza kwa heshima, akamshika bega.

"Mama," akasema, "usimwonee wivu mtu wa kwenye boksi. Baba amekufa ameshiba. Tumshukuru Mungu." Na akaondoka, na huko Arusha, kwa nia njema kabisa, akaituma ile sauti kwa kampuni ya Bi Siwatu kama shukrani. Kampuni wakamjibu kwamba wameguswa sana. Hivyo ndivyo mtu wa Tlawi alivyokufa akaingia kwenye matangazo.

Sasa Natalia amesimama mlangoni na mbuzi.

"Hakistahili," Gaudensia akasema.

"Ati?"

"Hakistahili hata nusu. Nimekionja. Wali umeloa, nyama vipande vitatu. Mama yako atatema. Mrudishe mbuzi nyumbani."

Natalia akasita. Alikuwa anataka kuamini, hilo lilionekana, lakini kila mtu alikuwa amesikia alichosikia.

"Lakini mama," akasema kwa adabu, "mzee mwenyewe amesema. Redioni. Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Alichokisifia nilikipika mimi."

Natalia alimtazama mama mtu mzima, mjane, na usoni mwake ikapita ile huruma ambayo Gaudensia alikuwa ameiona kwa mwanawe. Alikuwa anaanza kukusanya kamba aondoke zake. Na Gaudensia akaona wazi, kama aonavyo mtu jiko lake: huyu atakwenda mnadani, atauza maziwa ya mama yake, atanunua wali uliolowana, na mama atatema. Yote kwa ushahidi wa Tadeo.

"Ngoja hapo," akasema.

Akaingia ndani, akapanda kwenye kigoda, akashusha furushi lililokuwa juu ya boriti. Lilikuwa limefungwa kwenye kanga. Akalifungua mbele ya Natalia: boksi la Bi Siwatu, pembe zake nne zimeshonwa kwa uzi mweusi, na ndani yake trei moja la foili limesuguliwa mpaka limekuwa jembamba kama jani, kingo zimepinda. Ndicho chombo cha mwisho alicholia mume wake. Alikuwa amepanga yeye mwenyewe akifa azikwe nacho, upuuzi wa aina hiyo.

Natalia akaushika ule uzi. Akaugusa kwa kidole mshono mmoja, halafu wa pili. Akaketi chini kwenye magunzi bila kukaribishwa.

"Mungu wangu," akasema. "Siku zote zile?"

"Siku nane. Pilau unajua?"

"Kidogo."

"Kidogo haitoshi. Leo utapika hapa mimi nikiangalia. Kitunguu usikikimbize. Ukimaliza utajaza humu, utamwekea boksi alione. Atakula." Gaudensia alisita, maana lililobaki lilikuwa gumu kulitoa. "Halafu atamsifia. Atamsifia huyu mwenye jino mbele ya uso wako, na wewe ndiye unanuka moshi. Atakuuliza kwa nini wewe huwezi kupika hivi. Usimjibu. Ukijibu tu, ataacha kula. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Hujanisikia bado," Gaudensia akasema, akaenda kuwasha moto.

Wakapika. Mchele ulikuwa wa Gaudensia, nyama walikopa gengeni. Mbuzi alifungwa kwenye mti wa ua akala magunzi mpaka akachoka. Adhuhuri Natalia akatoka na sinia limefunikwa, anatembea polepole asije akamwaga, na Gaudensia akabaki anaosha sufuria. Boriti ilikuwa tupu. Aliitazama mara moja, kisha hakuitazama tena. Taarifa ya habari ilipokaribia alizima redio.

Siku tatu hakumwona Natalia, ila moshi wa jikoni kwake kila siku mchana, na upepo ukivuma upande huu, harufu ya kitunguu kilichokaangwa vizuri.

Siku ya nne akaja, mikono mitupu, kanga imejaa majivu. Hakuamkia. Alisimama mlangoni, na ilikuwa dhahiri kwamba amekimbia kutoka kwake mpaka hapo.

"Kala yote," akasema. "Kala yote, mama. Halafu kaniambia—"

Ikamshinda.

"Najua," Gaudensia akasema, akamsogezea kigoda.